Mashine Iliyopanda Mlima: Jinsi Moshi wa Dizeli Unavyopunguzwa Shambani, Machimboni na Kwenye Vinu

Barabara inayotoka Ahero kupitia Kericho hadi Mau Summit hupanda zaidi ya mita 1,200. Abiria huisikia masikioni. Injini huisikia kwenye pumzi.

Jirani yangu wa Kiamunyi, hapa Nakuru, ana bekho kuukuu, ile mashine yenye koleo mbele na mkono wa kuchimba nyuma, na haina turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Kwa miezi kadhaa ilichimba mitaro katika mashamba ya mpunga ya Ahero na hakuna aliyelalamika. Kisha ikapakiwa kwenye lori, ikapelekwa kazini upande wa Mau Summit, na siku ya kwanza tu ikaanza kutoa moshi mweusi kama tairi linalochomwa. Mzee akampigia opereta simu, sauti juu.

"Umeitia mafuta gani wewe?"

"Mzee, ni ya pipa lile lile tulilotoka nalo Ahero. Haki ya Mungu."

Opereta alisema kweli. Fundi wa pampu aliyeitwa kutoka Molo hakugusa spana kwanza. Aliuliza mashine imetoka wapi, akacheka. "Mzee, mashine ni nzima. Imepandishwa mlima bila kupunguziwa chakula."

Nimeanza na bekho hiyo kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu moshi wa dizeli huanzia juu. Tunasikia habari za injini za Ulaya zenye vichujio vya kauri na matangi ya urea, tunaona bei, tunakata tamaa, halafu tunaendelea kufukuza moshi kwa kofia. Vifaa hivyo vipo na vinafanya kazi kweli, nami nitavieleza. Ila kila kimoja kinategemea kilicho chini yake, na chini kabisa kuna hewa na mafuta. Anayeruka ngazi hizo mbili hununua mashine ya bei kali ambayo itazimika kabla mkopo wake haujaisha.

Mashine ninazozungumzia ni zile ambazo kazi yake haiko barabarani: trekta la Njoro, kombaini ya ngano ya Mau Narok, greda, eskaveta, mashine za kukata mawe za Ndundori, jenereta, pampu ya kunyunyizia mboga, na kile kinu cha posho ambacho mlio wake hujulisha kijiji kizima cha Vihiga kwamba leo kuna kusaga. Hata trekta la miwa linalokokota matela kuelekea Chemelil au Muhoroni limo, ingawa saa nyingine unalikuta mbele yako barabarani jioni bila taa za nyuma. Lori huendeshwa likachakaa, likauzwa vyuma. Injini ya kinu inaweza kurithiwa na mjukuu. Kwa hiyo injini chafu ikinunuliwa leo, uchafu wake ni wa miaka thelathini.

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Inavuta hewa, inaikandamiza mpaka ibaki sehemu moja ya kumi na sita au hata ya ishirini ya ujazo wake, na hewa hiyo inapata joto la zaidi ya nyuzi 500. Hapo nozo inapuliza mafuta kama ukungu, nayo yanajiwasha. Kila tone lina muda mfupi kuliko kupepesa jicho kuipata hewa yake na kuungua.

Matatizo mawili huzaliwa katika muda huo, na sababu zake zinapingana. Mahali ambapo mafuta yamejazana na hewa ni haba, mafuta hayaungui yakaisha, yanabaki masizi. Ni sawa na jiko lililoshindiliwa kuni mbichi. Mahali ambapo hewa ipo ya kutosha na moto ni mkali mno, naitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta na kwa kawaida haina fujo na mtu, hulazimika kuungana na oksijeni. Zinatokea oksidi za naitrojeni. Masizi unayaona. Oksidi hizo kwa kawaida huzioni, lakini zinawasha mapafu, na jua likizipiga pamoja na mvuke wa mafuta hutengeneza ozoni ya chini, inayoumiza watu na majani ya mazao.

Masizi yenyewe hayaishii kuchafua nguo zilizoanikwa. Chembe zake nyingi ni ndogo kuliko mikromita 2.5, wakati unywele wa binadamu una unene wa kama 70, kwa hiyo zinapita puani bila hodi na kushuka hadi chini ya mapafu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Anayesimama karibu zaidi na moshi huo ni opereta, halafu mama aliyepanga debe lake la mahindi mlangoni mwa kinu.

Turudi mlimani. Lita moja ya dizeli, ili iungue yote, inahitaji angalau kilo 12 za hewa. Mombasa, usawa wa bahari, kilo hizo ni kama lita 10,000 za hewa. Nakuru mjini, karibu mita 1,850 juu, hewa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo lita ile ile ya dizeli inadai zaidi ya lita 12,500. Panda Mau Narok, inakaribia 14,000. Na hicho ni kiwango cha chini kabisa. Kwa kawaida injini ya dizeli huhitaji hewa ya ziada, kwa sababu muda wa kuchanganyika ni mfupi. Silinda lakini haikui ikipanda mlima. Inavuta ujazo ule ule, wenye hewa kidogo ndani yake, huku pampu ikiendelea kupima mafuta yale yale ya Ahero. Kinachozidi kinatoka kwenye eksosi kikiwa cheusi, nawe umekilipia.

Dawa ya fundi ilikuwa kupunguza mafuta kwenye pampu kwa kugeuza skrubu kidogo. Moshi ukapungua palepale. Nguvu nayo ilipungua kidogo, jambo ambalo opereta alilitangaza kwa wote waliokuwepo, lakini mafuta yaliyoondolewa hayakuwa yakifanya kazi kubwa. Turbo huondoa sehemu kubwa ya shida hii, kwa kuwa hutumia nguvu ya moshi unaotoka kusukuma hewa zaidi inayoingia. Ikiwa unanunua mashine ya kufanya kazi sehemu za juu kama Molo, Mau Narok au Timboroa na una nafasi ya kuchagua, chagua yenye turbo kabla ya kuangalia rangi au viti.

Huku kwetu, hata hivyo, skrubu hiyo hugeuzwa zaidi upande wa pili. Msimu wa kulima ukifika, kila mwenye trekta anataka ekari nyingi kwa siku, na kuna fundi wa kumkazia pampu ili livute plau kubwa zaidi. Linavuta kweli kwa wiki chache. Moshi unafunika mtaro, pistoni zinapata joto kupita kiasi, oili inageuka lami. Nimewahi kumwona mtu akijivunia moshi huo: "Unaona vile inavuta?" Nilichokuwa naona ni shilingi zake zikipanda angani.

Chujio la hewa likiziba, hata Kisumu kule chini inakuwa Molo. Injini haijui kama hewa imepungua kwa sababu ya mwinuko au kwa sababu ya vumbi. Kwenye haro ya mwezi wa pili, ile kazi ya kulainisha udongo baada ya plau, au kwenye machimbo ya mawe, chujio linaweza kujaa kwa siku chache tu. Sasa tazama tunavyolisafisha: opereta analitoa na kulipiga kwenye tairi, pa, pa, pa, mpaka vumbi liishe. Karatasi inapasuka mikunjoni au mpira wa pembeni unapinda, na kuanzia hapo vumbi linaingia moja kwa moja kwenye silinda na kula ringi za pistoni. Wengine hulipuliza kwa kompresa ya tairi kwa nguvu zote kutoka nje, hivyo mchanga unasukumwa ndani zaidi ya karatasi. Ukilazimika kulipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa presha ndogo. Likichoka, nunua jingine. Hakuna kifaa cha kupunguza moshi kinachorudisha gharama yake haraka kuliko chujio jipya.

Nozo nayo huchakaa polepole hadi mwenye mashine anazoea. Tundu zake ni nyembamba, sehemu ya milimita, na kazi yake ni kuyavunja mafuta yawe ukungu. Ikianza kudondosha badala ya kupuliza, masizi hayazuiliki hata hewa iwe tele. Fundi mwenye mashine ya kupimia nozo atakuonyesha tofauti kwa macho yako mwenyewe: nzima inatoa wingu, mbovu inakojoa. Na ikiwa moshi wako si mweusi, ugonjwa ni mwingine. Wa buluu ni oili inayoungua, mara nyingi ringi au sili za valvu. Mweupe usioisha baada ya injini kupata moto ni mafuta yasiyowaka, au maji yanayoingia kwenye silinda.

Kinachoua nozo haraka zaidi hapa ni mafuta yaliyochanganywa. Zamani mafuta taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, na walanguzi walijua cha kufanya. Mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili faida ya kuchanganya iishe, na EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na mafuta, hupima mafuta vituoni kutafuta alama ya kemikali inayotiwa kwenye mafuta taa. Mafuta taa ni makavu. Dizeli ndiyo inayolainisha vyuma vya pampu vinavyosuguana, na ikikosa ulaini huo pampu hujikwaruza. Wapo pia wanaouliza kama ethanoli inayotengenezwa Muhoroni kutokana na molasi haiwezi kusaidia. Katika petroli, sawa. Katika dizeli ya kawaida ni vigumu, kwa sababu ethanoli haipendi kujiwasha kwa mkandamizo, nayo pia ni kavu.

Halafu kuna salfa. Tangu Januari 2015 Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki walishusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa kila milioni. Ni hatua kubwa ambayo haikupigiwa ngoma vya kutosha. Salfa ikiungua huwa asidi, tena husaidia kutengeneza chembe ndogo za moshi, lakini ubaya wake mkubwa ni mwingine: inasumisha vichocheo vya kemikali ambavyo vifaa vya kisasa vya kusafisha moshi vinavitegemea. Ulaya iliweka kikomo hicho cha 50 kwa magari mwaka 2005, ikashuka hadi 10 mwaka 2009. Marekani ilifikisha mafuta ya mashine za nje ya barabara kwenye 15 mwaka 2010. Mpangilio wa miaka hiyo haukuja kwa bahati. Walisafisha mafuta kwanza, ndipo wakadai vifaa.

Na vifaa walivyodai vilipunguza uchafu kiasi ambacho ni vigumu kuamini. Injini ya ukubwa wa ile ya greda iliyofuata sheria ya kwanza ya Marekani ya mwaka 1996 iliruhusiwa kutoa gramu 9.2 za oksidi za naitrojeni na gramu 0.54 za chembe kwa kila kilowati-saa ya kazi. Kufikia 2014 injini kama hiyo iliruhusiwa gramu 0.4 na 0.02. Ulaya ikaenda mbele zaidi mwaka 2019: ikaanza kuhesabu idadi ya chembe, haikutosheka na uzito wake.

Ugumu wa wahandisi ulikuwa ule upinzani nilioutaja. Ukiwahisha mafuta kupuliziwa, moto unakuwa mkali, masizi yanapungua na oksidi zinapanda. Ukichelewesha, oksidi zinashuka na masizi yanarudi. Ni kama blanketi fupi: funika kichwa, miguu ipate baridi. Kwa miaka mingi kazi yao ilikuwa kurefusha blanketi.

Walianza ndani ya injini. Pampu ya kienyeji ilibadilishwa na reli ya pamoja, bomba moja linalohifadhi mafuta kwa presha inayoweza kupita baa 2,000, huku kompyuta ikiamuru kila nozo ipulize lini, kiasi gani, na mara ngapi ndani ya mzunguko mmoja. Ukungu ukawa mwembamba zaidi, masizi yakapungua. Kwa oksidi, wakarudisha sehemu ya moshi uliopozwa ndani ya silinda. Inaonekana kama wazimu kulisha injini moshi wake, lakini moshi huo hauna oksijeni nyingi na unameza joto, kwa hiyo moto haufiki ule ukali wa kuunguza naitrojeni. Kwa dizeli yenye salfa nyingi njia hii ingetia asidi ndani ya injini, na hapo unaona kwa nini mafuta yalitangulia.

Kilichobaki kinashughulikiwa kwenye bomba la moshi. Chujio la masizi ni kama sega la nyuki la kauri ambalo kila tundu limezibwa upande mmoja, hivyo moshi unalazimika kupenya ukutani na kuacha masizi. Hunasa zaidi ya asilimia 90. Masizi yakijaa, lazima yachomwe. Mashine ikifanya kazi nzito, joto la moshi na kichocheo huyachoma polepole bila opereta kujua. Ikifanya kazi nyepesi, kompyuta hupandisha joto kwa makusudi hadi karibu nyuzi 600. Kwa mwenye kombaini Njoro hili si la kupuuza: usiegeshe mashine juu ya mabua makavu wakati taa ya uchomaji inawaka. Tena jivu la oili haliungui, kwa hiyo injini hizi zinataka oili maalumu yenye jivu dogo, si ile ya kopo lolote la dukani.

Oksidi za naitrojeni hupigwa kwa urea. Mchanganyiko wa asilimia 32.5 ya urea na maji yaliyoondolewa madini hupulizwa kwenye moshi wenye joto, urea inageuka amonia, na juu ya kichocheo amonia inazirudisha oksidi kuwa naitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Kemia yake inapendeza. Kwa sababu sisi ni wakulima, swali hufuata mara moja: si nina urea ghalani? Usijaribu. Urea ya mbolea ina uchafu na vitu vya kuzuia punje zisigandamane, vinavyoziba nozo na kuharibu kichocheo, na maji ya visima vya Nakuru yana madini ya kuchora meno kahawia, sembuse kichocheo. Hata mchanganyiko halali huharibika ukikaa kwenye kibanda cha mabati chenye joto kali kwa miezi.

Hapo ndipo mashine nyingi za mitumba zinapokwama. Inatoka ng'ambo ikiwa safi, inafika hapa, inanyweshwa mafuta yenye maji, inaachwa ikinguruma bila kazi mpaka chujio linajaa, taa nyekundu inawaka, nguvu inakatwa na kompyuta. Mwenyewe ana hasara ya kila siku. Fundi anakuja na kompyuta ndogo: "Tunaitoa hii kitu, boss, utasahau hiyo shida." Sega linatobolewa kwa chuma, programu inadanganywa. Simlaumu sana mwenye mashine, maana amebanwa. Lakini injini iliyotobolewa sega inaweza kuwa mbaya kuliko ya zamani, kwa kuwa imepangwa ikitarajia kwamba kuna kitu mbele kitakachomaliza kazi. Kanuni za ubora wa hewa zilizo mikononi mwa NEMA, mamlaka ya mazingira, zinagusa moshi wa injini, ila trekta lililo katikati ya shamba halipiti kituo cha ukaguzi.

Ningeulizwa na chama cha wakulima au mkandarasi mdogo pa kuanzia, ningesema mafuta kutoka kituo kinachoaminika, kitenganisha maji kinachomwagwa kila asubuhi, chujio la hewa, nozo kupimwa kila msimu, na pampu ipangwe kwa mwinuko wa mahali pa kazi. Kisha injini izimwe ikisubiri. Tuseme eskaveta inakunywa lita 4 kwa saa ikinguruma bure, na inasubiri malori saa mbili kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni lita 200. Kila lita ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi, kwa hiyo ni zaidi ya nusu tani kwa mwezi, na hakuna shimo lililochimbwa. Ikiwa ina chujio la masizi, huko kunguruma bila joto ndiko kunakoliziba. Ndipo ningependekeza mashine yenye reli ya pamoja, na baadaye yenye chujio na urea, kwa yule tu ambaye ameshazoea hayo ya kwanza.

Kinu cha posho ningekitoa kabisa kwenye mstari huu. Hakitembei, kwa hiyo hakina sababu ya kubeba tangi lake. Penye umeme wa kutosha, mota hufanya kazi ile ile bila mtu kuvuta masizi mlangoni, na sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Olkaria, ambako mvuke huo umezalisha umeme tangu 1981, iko ndani ya kaunti hii hii ya Nakuru. Pampu ya kunyunyizia mboga kando ya mto Nyando inaweza kufuata njia hiyo kwa paneli za jua. Trekta la kuvuta plau kutwa nzima kwenye udongo mzito wa Kano bado litahitaji tangi kwa muda.

Bekho ya jirani ilimaliza kazi ya Mau Summit ikiwa na moshi mwembamba, opereta akiendelea kunung'unika kuhusu nguvu. Majuzi ilipata kandarasi nyingine Ahero. Kabla haijapakiwa kwenye lori, mzee alimpigia fundi wa Molo kumuuliza alikuwa ameigeuza ile skrubu mara ngapi, akaandika nambari hiyo kwa chaki ndani ya kifuniko cha injini.